Je, watu 150 wa pale feri hawatoshi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sosholojia, kwetu ni Likoni, Mombasa. Mradi wangu ni juu ya tofauti za kimaisha kati ya Likoni na Nyali. Nilisimama pale feri upande wa Likoni asubuhi nne, tangu saa kumi na mbili hadi saa tatu, nikajaziwa hojaji na watu 150. Kisha nikaenda nje ya duka moja kubwa la Nyali nikapata 50. Kwa wale wa Likoni, 112 walisema wana kazi, na wengi walisema nyumba wanayokaa ni yao. Msimamizi wangu ameirudisha kazi yote. Ameandika kwamba sampuli haiwakilishi na vipimo si halali. Sielewi. Watu 150 ni wachache? Nimebakiwa na wiki saba, na pesa sina."

Marahaba, mwanangu.

Watu 150 si wachache. Hata ungewahoji 1,500 pale pale na saa zile zile, msimamizi wako angeandika maneno yale yale, nami ningemuunga mkono. Kinachoiponza kazi yako ni wale ambao hawakupita.

Hebu turudi feri. Saa kumi na mbili asubuhi, nani anateremka kwenda kupanda? Ni mtu mwenye pa kwenda: karani, mfanyakazi wa hoteli, kibarua wa bandarini, fundi, mama anayewahi Marikiti kununua mboga za kuuza, mwanafunzi kama wewe. Kuvuka kwa miguu ni bure, na kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kwamba Likoni yote hupita pale. Lakini mwenye kazi kisiwani Mombasa hana budi kupita, na asiye na kazi hana la kumpeleka. Mama anayepika mahamri ya kuuza mlangoni kwake Mtongwe hakupita. Aliye na mgonjwa ndani hakupita. Kijana aliyezunguka wiki nzima akitafuta kibarua, siku hiyo akakata tamaa akalala, hakupita. Mvuvi aliyerudi alfajiri alikuwa usingizini. Ulikwenda kuuliza kama watu wana kazi huku umesimama kwenye njia ya kwendea kazini. Ile 112 kati ya 150 inasema mengi kuhusu mahali uliposimama na machache sana kuhusu Likoni.

Kosa hili lina historia ndefu, na waliolifanya walikuwa na fedha nyingi kuliko wewe. Mwaka 1936 huko Marekani, jarida la Literary Digest lilituma kadi zipatazo milioni 10 kuuliza watu watampigia nani kura ya urais. Zaidi ya milioni 2 zilirudi. Jarida likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na hiyo ilikuwa miaka ya dhiki kuu ya uchumi. Asiye na simu wala gari hakuulizwa. Tena hata kati ya waliotumiwa kadi, waliojisumbua kuirudisha walikuwa tofauti na walionyamaza. Mtafiti wa maoni George Gallup, aliyehoji watu wachache mno kuliko hao lakini akachagua kwa uangalifu zaidi, alimtaja mshindi sawasawa.

Tazama sasa kilichotokea: umaskini wenyewe ndio uliowatoa watu kwenye hesabu. Ndiyo maana nakusihi usiichukulie sampuli kama sura ya kujaza tu ili msimamizi aridhike. Kwenye utafiti wa tofauti za kijamii, namna ya kuchagua watu ni sehemu ya jambo lenyewe unalolitafiti. Mnyonge ni yule yule asiyeonekana benki, asiyeonekana kwenye mikutano ya mtaa, na usipomwendea hataonekana kwenye tasnifu yako pia.

Kwa lugha ya darasani, una kundi lengwa, yaani wote unaotaka kuwasemea. Kisha orodha au njia ya kuwafikia. Kisha sampuli, wale wachache uliowapata. Sampuli huwakilisha pale ambapo kila mmoja wa kundi lengwa alikuwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Mama wa mahamri nafasi yake kwako ilikuwa sifuri.

Kuhusu idadi, kwa kuwa umeuliza: watu 150 waliochaguliwa kwa bahati nasibu ya haki hukupa asilimia inayoweza kukosea kwa takriban pointi 8 juu au chini, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Watu 400 huishusha hadi takriban 5. Na ukubwa wa mji hauna uzito sana hapo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa. Wangekuwa mara mbili, hesabu hiyo isingesogea kwa kiasi cha kukushughulisha. Lakini pointi hizo 8 zinapima makosa ya bahati peke yake. Upendeleo wa mahali na saa haumo ndani yake, na hauponi kwa kuongeza watu.

Sasa neno la pili la msimamizi, vipimo. Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo nilipoungua mimi mwenyewe.

Nilipokuwa kijana wa umri wako nilitumwa mtaa wa Majengo na hojaji iliyouliza, "Je, nyumba hii ni yako?" Nikaweka alama kwenye "ndiyo" siku nzima. Jioni mzee mmoja aliyenipa kiti na kahawa aliniuliza mbona sikuuliza ardhi ni ya nani. Nyumba ilikuwa yake. Aliijenga mwenyewe, chumba baada ya chumba. Ardhi ilikuwa ya mwingine, naye alikuwa akilipia kila mwezi, na siku mwenye ardhi akiihitaji, yeye angebakiwa na mabati na boriti. Nilikuwa nimemwandika kuwa mwenye mali. Karatasi zangu zote za siku ile zilikuwa na jibu la kweli kwa swali lisilofaa.

Wewe ni mtu wa Likoni, jambo hili unalijua kuliko linavyojulikana Nairobi. Pwani yetu, mwenye nyumba na mwenye ardhi wanaweza kuwa watu wawili, na chimbuko lake ni la zamani. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila anayedai ardhi ya pwani apeleke dai lake lisajiliwe, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Waliojua sheria na kusoma makaratasi walipeleka madai. Wengi wa Wamijikenda, waliokuwa wakiishi na kulima kwa desturi zao, walibaki nje ya daftari. Wajukuu zao leo huitwa maskwota. Kwa hiyo swali la "nyumba ni yako?" likitoka kwenye hojaji iliyotungwa kwa ajili ya mji mwingine, hapa linafunika tofauti kubwa kuliko zote. Hilo ndilo msimamizi analoliita kukosa uhalali: kipimo hakipimi ulichokusudia. Wala usidhani majibu kufanana kunakuokoa. Ungerudi kwa mzee yule mara kumi angekujibu "ndiyo" mara kumi. Kipimo chako kingekuwa imara, na bado kingekuwa na makosa. Gawanya swali: nani aliijenga, ardhi ni ya nani, kuna hati gani, mnalipia nini na kwa nani, na je, mmewahi kuambiwa mhame?

Maji nayo yako hivyo hivyo. Hojaji yako, nadhani, imeuliza kama kuna bomba. Bomba lipo. Maji ya mji huu yanatoka mbali, chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, na mitaa mingi huyapata kwa zamu. Uliza wiki iliyopita yalitoka siku ngapi, na siku ambazo hayakutoka mlinunua mitungi mingapi kwa mwenye mkokoteni na kwa bei gani. Hapo utaona tofauti ambayo bomba kavu haliwezi kukuonyesha.

Kisha lipo neno "kaya". Vitabu vya takwimu vinalitumia kwa maana ya watu wanaokaa pamoja, wanaopika pamoja na wanaomtambua mkuu mmoja. Kwa Mmijikenda, kaya ni msitu mtakatifu wa wazee, kama ile iliyoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Ukimuuliza bibi wa Kidigo "kaya yenu ina watu wangapi" atakushangaa, na ana haki. Muulize wanaokula chungu kimoja ni wangapi. Na ukifika kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ujia katikati, usihesabu mlango mmoja kuwa familia moja. Kila chumba kinaweza kuwa na mpangaji wake na jiko lake. Ukimhoji anayekufungulia tu, mara nyingi utampata mwenye nyumba au jamaa yake, na wapangaji watano wa ndani watakuwa wamepotea kwenye sampuli kama alivyopotea yule mama wa mahamri.

Ndani ya chungu hicho kimoja nako kuna tofauti. Tumezoea kumuuliza "mkuu wa nyumba", naye mara nyingi ni baba, kisha tunaandika kipato chake kana kwamba wote ndani wanakigusa. Zungumza na mke peke yake, ikiwezekana mhojaji awe mwanamke, uulize pesa ya dawa ya mtoto hutoka mfuko gani, na nani hula mwisho siku chakula kikipungua. Majibu ya baba na ya mama yakigongana, usichague moja. Andika yote mawili.

Kuhusu kazi, "una kazi?" ni swali gumu sana hapa kwetu. Neno kibarua lenyewe linatokana na barua, kijikaratasi alichopewa mfanyakazi wa siku kuonyesha kwamba siku ile alifanya. Mji huu umejengwa na watu wa karatasi hiyo. Mgomo mkuu wa Januari 1947, ambao ndio uliomtoa Chege Kibachia kuwa kiongozi wa wafanyakazi, ulikuwa wa mishahara na makazi, na kwa miaka mingi baadaye serikali na makampuni ya bandari yalihangaika kuwageuza vibarua wawe wafanyakazi wa kudumu. Mtu aliyepata siku mbili wiki hii na hakupata kitu wiki iliyopita atakujibu "ninayo" au "sina" kulingana na alivyoamka. Muulize siku saba zilizopita alifanya siku ngapi na akalipwa nini kila siku. Kipato cha mwezi usimuulize. Hakijui, atakubunia namba kwa adabu. Uliza matumizi. Hata utafiti mkubwa wa bajeti za familia wa 2015/16, uliokadiria kwamba asilimia 36.1 ya Wakenya walikuwa chini ya mstari wa umaskini, ulipima kwa matumizi.

Upande wa Nyali una kosa la aina nyingine. Umelichukua jina Nyali kama jina la utajiri. Eneo bunge la Nyali lina wadi za Frere Town, Ziwa la Ng'ombe, Mkomani, Kongowea na Kadzandani. Mbeba magunia wa soko la Kongowea ni mtu wa Nyali. Mlinzi wa jumba la ufukweni, akilala Ziwa la Ng'ombe, ni mtu wa Nyali. Ukichukua wastani wa eneo ukamvisha kila mkazi wake, utakuwa umeingia kwenye mtego ambao mwanasosholojia W. S. Robinson aliuonyesha mwaka 1950 kwa takwimu za sensa ya Marekani ya 1930. Majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na watu wengi wanaojua kusoma, hali wahamiaji wenyewe, mmoja mmoja, walijua kusoma kwa uchache kuliko wazawa. Walikuwa wamehamia palipokuwa na shule na kazi. Jambo la eneo si jambo la mtu. Na nje ya lile duka kubwa ulikutana na wanaoingia madukani makubwa, yaani feri yako ya pili.

Wastani wenyewe pia uuogope. Chukua watu kumi wa mtaa mmoja, tisa wanatumia shilingi 20,000 kwa mwezi na mmoja 820,000. Wastani wao ni 100,000, na hakuna hata mmoja kati yao anayeishi maisha hayo. Wapange kwa safu kutoka chini hadi juu, umtazame aliye katikati: 20,000. Kwenye tasnifu ya tofauti za kijamii toa namba zote mbili, kwa sababu pengo lililopo kati yake tayari ni habari.

Nadharia nitazipitia upesi, maana umezisoma. Karl Marx, mwanafikra wa matabaka, angekuuliza nani anamiliki kinachozalisha. Mwanasosholojia Max Weber angekwambia utenganishe mali, heshima na nguvu ya kuamua, na kwa Mombasa naona ametufaa sana: mwalimu wa madrasa anayekaa chumba cha kupanga anaweza kuamkiwa na tajiri wa mtaa, na tajiri huyo asipewe neno kwenye baraza la wazee. Amua unapima lipi. Umeandika "tofauti za kimaisha" na hukusema tofauti ya nini.

Pia futa ile sentensi ya mwisho ya ujumbe wako mrefu, ambao hapo juu nimeufupisha, unaposema waliofika kidato cha nne wana kipato zaidi, kwa hiyo elimu ndiyo inayoondoa umaskini. Huenda. Lakini waliofika kidato cha nne ni watoto wa nani? Kama wazazi wao walikuwa na pesa ya karo na jamaa wa kuwatafutia kazi, huenda pesa ile ile ya mzazi ndiyo iliyoleta cheti na ndiyo iliyoleta kazi. Mambo mawili yakifuatana, tafuta la tatu lililoyavuta yote mawili. Uliza kazi ya baba na ya mama, ulinganishe watu wenye wazazi wa hali moja.

Sasa wiki zako saba. Zile hojaji 150 usizitupe. Zibadilishie jina: ni majibu ya wasafiri wa feri wa asubuhi, na kwa wasafiri wa feri zinaweza kusema kitu kuhusu nauli, saa za kuamka, umbali na aina ya kazi. Ziweke kwenye sura moja, useme wazi zilivyopatikana. Zile 50 za dukani ziache.

Kisha punguza eneo. Likoni na Nyali nzima hazikutoshi kwa miguu yako miwili. Chukua mitaa miwili midogo ya hali tofauti ndani ya Likoni hiyo hiyo, unakokujua. Wiki ya kwanza usimuulize mtu kitu. Tembea, uchore ramani, uhesabu milango. Ukipata milango 400, unataka 80, basi utachukua mmoja katika kila mitano. Wa kuanzia, kati ya wa kwanza na wa tano, uupate kwa kura ya vikaratasi. Ukiingia, orodhesha vyungu vilivyomo, upige kura tena kuchagua kimoja. Asipokuwepo mtu, usihamie jirani kwa kuwa yupo. Rudi jioni, rudi Jumapili, rudi mara ya tatu. Aliyekosekana mchana mara nyingi ndiye yuko kazini au anatafuta kazi, na kumbadilisha na jirani aliyekaa barazani ni kurudi kwenye kosa la feri kwa njia ya nyuma. Weka daftari la waliokataa na wasiopatikana, na idadi yao uichapishe.

Mzee wa mtaa mjulishe, ni adabu na ni usalama wako, lakini asiingie nawe ndani. Akiwa amekaa pale, hakuna atakayesema kodi ya ardhi imemshinda. Fulana ya shirika usivae. Likoni watu wamehojiwa sana, na wakikuona na kalamu na fulana yenye nembo watadhani una mradi wa msaada. Mwingine atajipunguza apate kuandikwa, mwingine ataficha dhiki yake asiaibike. Sema wewe ni mwanafunzi, hakuna msaada utakaotoka, na anaweza kukataa au kuacha katikati. Majina usiandike kwenye hojaji. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakubana hata wewe, na chuo chako kikueleze mapema kuhusu kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayotoa vibali vya utafiti.

Juu ya hizo 80, chagua watu wanane kwa makusudi, wenye hali zinazopishana, ukae na kila mmoja saa nzima bila hojaji. Mmoja awe mpangaji wa chumba cha ndani, mmoja mjane, mmoja aliyejenga kwenye ardhi ya mwingine. Hawa hawatakupa asilimia. Watakueleza asilimia zako zinatokana na nini, na watakuonyesha maswali uliyoyatunga vibaya, ndiyo maana ningeanza na watatu kati yao kabla ya kuchapisha hojaji mpya.

Karatasi na nauli zikikushinda, hojaji 50 zilizochaguliwa hivi nitazipokea kwa furaha kuliko 200 za barabarani, na naamini msimamizi wako pia. Ukimaliza ramani ya mtaa wa kwanza, nitumie picha yake kabla hujagonga mlango wowote, tuhesabu vyumba pamoja.